Fangasi wa sehemu za siri: si uchafu, si zinaa



Ndugu msomaji, mada ya wiki hii ni ya aibu kwa wengi wetu, na kwa sababu ya aibu hiyo watu wanaumia kimya kimya ndani ya nyumba zao, na ndoa nyingine zinafika kwa masheikh kabla hazijafika kwa tabibu. Ninazungumzia fangasi wa sehemu za siri, ambaye ndiye huyo huyo anayeota utando mweupe kinywani mwa watoto wachanga.

Sisi tunaofanya kazi ya utabibu huku Mkuyuni tunaijua namna mama anavyokuja na tatizo hili. Haanzi nalo. Anaanza na kichwa, anaendelea na mgongo, anafika kwenye tumbo la chini, anaandikiwa dawa, anaaga, na akishashika mlango ndipo anageuka na kusema, "Halafu daktari, kuna na muwasho." Bi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza mambo ya dini yao. Haya ni katika imani, lakini haya inayomfanya mtu ajikune miezi mitatu na kujitibu kwa kubahatisha si ile tuliyofundishwa.

Mdudu mwenyewe ni nani?

Kitaalamu anaitwa kandida. Jina hili lina asili ya Kilatini, lina maana ya weupe, na alipewa mwaka 1923 na mtafiti wa Kiholanzi, Christine Berkhout. Ukitaka kumwelewa, mwangalie hamira jikoni kwako. Unga wa vitumbua ukiukoroga jioni, ukatia hamira na sukari kidogo, ukaufunika mahali penye joto, asubuhi unaukuta umeumuka. Hamira ni kiumbe hai. Anakula sukari, anapenda joto na umajimaji, na anazaliana kwa kuchipua: mmoja anatoa kichipukizi, kinajitenga, wanakuwa wawili, kisha wanne. Kandida ni wa jamii hiyo ya chachu, ingawa si hamira yenyewe. Kwa hiyo asije mtu akasema tabibu kaharamisha vitumbua. Kula vitumbua au mikate hakumpandikizi mtu fangasi.

Jambo la msingi ambalo wengi hawalijui ni hili: kandida hatoki mbali. Yumo. Anaishi kinywani, tumboni, kwenye ngozi na ukeni kwa watu wengi wenye afya kamili, na mtoto anaweza kumpata kwa mama yake siku anayozaliwa. Mwanamke anaweza kuwa naye miaka mingi bila muwasho hata wa siku moja. Anatulia kwa sababu kuna bakteria wazuri wanaoishi pale pale ukeni, wanaotengeneza tindikali na kumnyima nafasi, na kwa sababu kinga ya mwili iko macho. Mkulima wa huku ataelewa haraka. Shamba lililofunga vizuri, magugu yapo lakini hayatambi. Ukifyeka kila kitu mpaka udongo ubaki mtupu, kinachotangulia kuota si mahindi.

Ndiyo maana takriban wanawake watatu katika kila wanne watapata muwasho wa fangasi angalau mara moja katika maisha yao. Haya si maradhi ya watu fulani. Yanampata mke wa imamu, mwanafunzi wa madrasa ambaye hajaolewa, na bibi mwenye kisukari.

Ni mambo gani basi yanayofyeka shamba? La kwanza ni dawa za bakteria, vile vidonge ambavyo watu wanaviita "rangi mbili" na kuvinunua kwa kila kikohozi. Dawa ya bakteria haimgusi fangasi hata kidogo, lakini inaua wale bakteria wazuri. Siku chache baadaye muwasho unaanza, na mgonjwa anarudi dukani kuongeza nyingine za aina ile ile. La pili ni ujauzito, kwa sababu homoni zinabadilika na sukari ya akiba inaongezeka kwenye ngozi laini ya uke. La tatu ni kisukari. La nne ni kupungua kwa kinga, iwe kwa virusi vya UKIMWI au kwa dawa kama prednisolone zinazotumiwa muda mrefu. La tano nalitengea sehemu yake, maana ndilo linalotuhusu sisi zaidi.

Istinja imezidishwa

Dada yangu, dini imetuamrisha twahara, na hakuna anayeshindana na hilo. Lakini baadhi yetu tumeongeza yasiyoamrishwa. Utamkuta mama anaingiza kidole na sabuni mpaka ndani, asubuhi na jioni, na mwingine baada ya kila haja ndogo. Mwingine anatumia maji ya ndimu, mwingine maji ya chumvi, mwingine dawa ya chupa ya kuulia vijidudu ambayo kazi yake ni kusafishia sakafu na vidonda. Wapo wanaoweka shabu ili kubana, wapo wanaoweka ugoro. Na kwa kuwa milima yetu ya Uluguru imejaaliwa viungo, wapo wanaochemsha karafuu na mdalasini na kujiosha navyo ndani, au wanaoingiza punje ya kitunguu swaumu usiku kucha. Karafuu ni neema, ila mahali pake ni kwenye pilau na kwenye gunia la kupeleka sokoni Morogoro. Ngozi ya ndani ya uke ni laini kama ya ndani ya shavu. Jaribu kuweka karafuu mbichi shavuni kwa saa moja ndipo uniambie.

Uke unajisafisha wenyewe. Majimaji meupe au mepesi kidogo, yasiyowasha wala kunuka, ni ya kawaida, na yanaongezeka katikati ya mwezi na wakati wa ujauzito. Kuyafukuza kwa sabuni ni kuwafukuza walinzi.

Tena turejee katika fiqhi tuliyosoma. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu tunayafuata, wameeleza kwamba kinachompasa mwanamke kuosha katika istinja ni ile sehemu inayodhihiri anapochuchumaa kwa haja yake. Hawakusema aingize kidole ndani. Mwenye kuosha zaidi ya hapo kwa kuhisi bado hajatwaharika, hiyo ni wasiwasi, na wasiwasi una milango yake ya kutibiwa ambayo sabuni haimo. Maji safi ya kawaida yanatosha, kwa nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu wa haja kubwa usisogezwe ukeni. Kisha jikaushe kwa kitambaa safi. Hili la kujikausha tunalisahau sana. Wakati wa masika nguo hazikauki, mtu anavaa chupi yenye unyevu, tena ya nailoni, anapanda mlimani kupalilia mananasi mpaka adhuhuri. Joto na maji, ndiyo kile kifuniko cha unga wa vitumbua. Chupi ya pamba iliyokauka barabara, na ikiwezekana kupigwa pasi, ni sehemu ya tiba.

Si kila uchafu ni fangasi

Fangasi ana sura yake. Muwasho mkali, hasa usiku. Uchafu mzito mweupe wenye mabongemabonge kama maziwa yaliyoganda, usio na harufu kali. Wekundu na kuvimba kwa nje, kuungua mkojo unapogusa ngozi iliyochubuka, na maumivu wakati wa tendo la ndoa.

Uchafu wa kijivu, mwepesi, wenye harufu kama ya samaki, huo kwa kawaida ni wa bakteria waliovurugika, na dawa ya fangasi haitausaidia. Uchafu wa manjano au kijani wenye povu unaweza kuwa trikomona, ambayo huambukizwa kwa kujamiiana na hutibiwa mke na mume kwa pamoja. Na maumivu ya tumbo chini ya kitovu pamoja na homa si jambo la kusubiri siku ya gulio; nenda siku hiyo hiyo.

Kutofautisha kwa macho si kazi rahisi hata kwetu sisi. Watafiti wa Mwanza, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2019, waliwapima maabara wajawazito 300 waliokuwa na dalili ukeni. Takriban theluthi mbili walikutwa na kandida. Maana yake theluthi moja, waliokuwa na dalili na pengine wote wangeambiwa mtaani "hiyo fangasi tu", hawakuwa naye. Na katika mambo yaliyoonekana kuambatana na fangasi, mawili yalikuwa haya tuliyokwishayataja: kujiosha ndani na kutumia dawa za bakteria.

Mume anapouliza umeyatoa wapi

Hapa ndipo penye fitina. Mke anaanza kuwashwa, mume anaona uchafu, na swali linalofuata si la afya. Nimeona wanandoa wanaokaa benchi moja pale nje bila kusemezana, kila mmoja akimngoja mwenzake aumbuke.

Ndugu yangu mwanaume, naomba unisikilize. Fangasi wa kandida hahesabiwi katika maradhi ya zinaa. Msichana ambaye hajaguswa na mtu anampata. Mke ambaye mumewe yuko Dar es Salaam mwezi wa tatu sasa anampata. Kuwepo kwake si ushahidi wa chochote. Na kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi jambo la zinaa bila mashahidi wanne, Surat Nur imeliwekea bakora 80. Mtu hawezi kubeba mzigo wa namna hiyo kwa sababu ya chachu ambayo hata yeye anayo kinywani.

Mwanaume naye anaweza kupata wekundu, vipele na muwasho kichwani mwa uume baada ya kukutana na mkewe mwenye fangasi, na krimu ya klotrimazole humtosha. Ikiwa mume hana dalili, hahitaji kutibiwa. Lakini mwanaume mzima aliyetahiriwa, akianza kupata fangasi wa mara kwa mara huko, asimtazame mke. Apimwe sukari.

Kuhusu ibada, dada zetu huuliza sana. Uchafu wa fangasi si hedhi na hauwajibishi josho. Kuna wanaoacha kuswali wiki nzima wakidhani hawana twahara; hili si sahihi. Mwanamke ambaye uchafu wake haukatiki hukumu yake inafanana na ya mwenye istihadha: anajisafisha, anaweka kitambaa safi, anatawadha baada ya wakati kuingia na anaswali, na anafanya hivyo kwa kila faradhi. Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kuhusu damu isiyokatika, aliambiwa kwamba huo ni mshipa na si hedhi, na kwamba siku zake za hedhi zikipita aoge na aswali. Kwa anayefunga, dawa ya kuingiza ukeni ataiweka usiku, na kwa bahati njema dawa yenyewe inatakiwa kuwekwa wakati wa kulala. Kwenye undani zaidi ya hapo muulize sheikh wako. Mimi nimeishia madrasa.

Dawa

Hadi katikati ya karne iliyopita hapakuwa na dawa nzuri na salama ya fangasi huyu. Mwaka 1950 wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen aliyekuwa mjini New York na Rachel Brown aliyekuwa Albany, walitangaza dawa waliyoipata kwenye bakteria wa udongo uliochotwa shambani huko Virginia. Walikuwa wakitumiana sampuli kwa posta. Waliiita nistatini, kwa heshima ya jimbo lao la New York, na ndiyo hiyo tunayowadondoshea watoto kinywani hadi leo. Baadaye zikaja klotrimazole, flukonazole na nyinginezo.

Kwa mwanamke mwenye fangasi wa kawaida, klotrimazole ya kuingiza ukeni ndiyo hutumika sana. Ipo ya usiku mmoja, ipo ya siku tatu, ipo ya siku sita, kutegemea na nguvu ya kidonge. Maliza idadi uliyopewa hata kama muwasho umekatika usiku wa pili. Flukonazole ni kidonge cha kumeza, mara nyingi kimoja tu cha miligramu 150. Mjamzito asiimeze flukonazole kwa kujinunulia. Kwake yeye inafaa ile ya kuingiza, kwa maelekezo ya kliniki. Na mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi aseme kabla hajapewa flukonazole, kwa sababu dawa hizi mbili zikikutana sukari inaweza kushuka mno.

Kwenye vijiji vyetu kimbilio la kwanza ni duka la dawa muhimu. Mpango huu wa maduka ulianzia Ruvuma mwaka 2003, na Morogoro ikawa miongoni mwa mikoa iliyofuata, nao umetusaidia sana. Lakini muuzaji hawezi kujua usilomwambia. Mama anamtuma mtoto wa darasa la nne na karatasi iliyoandikwa "dawa ya kuwashwa", muuzaji anatoa krimu ya ngozi yenye steroidi, na muwasho unatulia siku mbili huku fangasi akistawi chini yake. Nenda mwenyewe. Kama muuzaji ni kijana wa kiume unayemjua na unaona tabu, njoo zahanati uombe kuonana na nesi wa kike.

Sasa, ukitibiwa vizuri na bado ukarudiwa mara tatu au zaidi ndani ya mwaka, usiongeze krimu. Hapo tunatafuta kinachomlisha. Tunapima sukari, kwa sababu mwenye kisukari kisichojulikana anatoa mkojo wenye sukari na fangasi anakaa mezani. Tunapima virusi vya UKIMWI. Na tunaangalia maabara kama huyo ni kandida yule wa kawaida au ni ndugu zake ambao hawaisikii flukonazole vizuri. Kipimo cha sukari ni tone la damu kwenye kidole. Kuna watu wamejua kuwa wana kisukari kwa njia hii, mapema, kabla mguu haujaoza wala macho hayajaharibika.

Kadhalika mtu mzima akiota utando mweupe kinywani, au chakula kikampita kwa maumivu kifuani, aje kupimwa. Wapo wenye sababu nyepesi: anayetumia dawa ya pumu ya kuvuta asukutue kinywa kila baada ya kuivuta, kama anavyofanya kwenye udhu, na mwenye meno ya bandia ayavue usiku. Lakini kwa wengine hiyo ndiyo ishara ya mwanzo kwamba kinga imeshuka, na dawa za kufubaza virusi zipo na zinatolewa bure.

Jambo jingine linalonikera ni hawa wanaotangaza kwenye simu na kwenye vipaza sauti vya gulioni kwamba uchovu, vipele, gesi tumboni na kukosa usingizi vyote ni "fangasi kwenye damu", na wana dozi ya kuisafisha damu. Fangasi wa kwenye damu yupo kweli, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilimweka kandida huyu katika kundi la fangasi hatari zaidi kwa sababu hiyo. Lakini huyo ni mgonjwa mahututi, aliyelazwa, mwenye mipira kwenye mishipa au kinga iliyoporomoka. Hatembei gulioni kuchagua ndizi. Ukiambiwa una fangasi kwenye damu na mtu ambaye hajachukua damu yako, rudi na pesa yako nyumbani.

Kinywa cha mtoto

Mtoto mchanga mwenye utando mweupe kwenye ulimi, ufizi na ndani ya mashavu, mama hufikiri ni maziwa yaliyoganda. Jaribu kufuta taratibu kwa kitambaa laini kilicholowa. Maziwa yatatoka. Fangasi hatoki kirahisi, na ukimlazimisha panabaki wekundu au panatoka damu. Baada ya hapo usiendelee kusugua, wala usimsugue kwa chumvi, asali au majivu kama baadhi ya bibi zetu wanavyofanya kwa mapenzi tu. Asali ni tiba, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja haifai kabisa, inaweza kumletea sumu ya kupooza.

Anachohitaji ni matone ya nistatini, mililita moja mara nne kwa siku baada ya kunyonya, ukigawa nusu shavu hili na nusu shavu lile, kwa siku saba, hata kama weupe umeondoka siku ya tatu. Mama naye atazame chuchu zake. Zikiwa nyekundu, zinang'aa, zinachoma mtoto anapovuta, basi wanaambukizana, na watibiwe wote wawili siku moja, vinginevyo mtoto anapona leo na kurudishiwa kesho. Kunyonyesha kuendelee. Mtoto anayekataa titi kabisa, au ambaye utando unarudi kila baada ya dawa kuisha, mlete zahanati na kadi yake ya kliniki, tumpime yeye na mama.